Mto Mtulivu wa Leonardo

Katika jumba la sanaa la Uffizi, mjini Florence, nchi ya Italia, imehifadhiwa karatasi isiyo kubwa kuliko daftari la shule lililofunuliwa. Juu yake vimechorwa kwa kalamu na wino vilima, miti, ngome juu ya jabali na maporomoko madogo. Na mbali bondeni maji yatambaa kimya katikati ya mashamba. Hapana mfalme, wala mtakatifu, wala vita. Pembeni mchoraji ameandika tarehe: 5 Agosti 1473. Mchoraji huyo ni Leonardo da Vinci, wakati huo kijana wa miaka 21.

Zamani hizo wachoraji wa Ulaya walizoea kuichora nchi iwe kama pazia nyuma ya watu. Leonardo aliipa nchi yenyewe karatasi nzima, na kwa hiyo mchoro wake huhesabiwa miongoni mwa ya kwanza ya namna hiyo katika Ulaya. Wengi husema kuwa bonde hilo ni la mto Arno, ingawa wataalamu hawajaafikiana juu ya mahali penyewe.

Lakini wahenga walinena, kimya kingi kina mshindo mkuu. Miaka 30 baadaye, Florence ilikuwa ikipigana na Pisa, mji ulio karibu na mahali Arno uingiapo baharini. Watawala wa Florence, pamoja na ofisa wao Machiavelli, waliazimia kuugeuza mto ili Pisa ikose maji na njia ya bahari. Leonardo alitumwa mwaka 1503 kwenda kupachunguza. Mwaka uliofuata mifereji ikachimbwa, lakini haikuwa na kina cha kutosha. Tufani ikaja, kingo zikabomoka, nao Arno ukashika njia yake ya zamani. Tena, tarehe 4 Novemba 1966, mto huo ulifurika ndani ya Florence, ukaua watu na kuharibu vitabu na picha nyingi mno.

Je, mchoro ulidanganya? La. Ulishuhudia kweli ya siku moja, na tarehe yake yatukumbusha hivyo. Aliyekulia kando ya Tana au Nzoia ayajua haya: mto unywesheao ng'ombe leo waweza kesho kubeba nyumba. Basi, mwanafunzi, upewapo picha ya kale, usiulize tu yaonyesha nini. Uliza pia ilichorwa lini, kisha umtafute shahidi wa siku ya pili.