Kivinjari

Kitenzi kuvinjari kilikuwepo kabla ya intaneti. Maana yake ni kuzungukazunguka kwa ajili ya ulinzi: manowari huvinjari pwani, askari huvinjari mtaa usiku. Ukiweka ki- ya ala, ile ya kifuniko na kizibo, unapata kivinjari, programu ya kufungulia kurasa za wavuti.

Nalipenda sana neno hili. Anayevinjari hapiti tu; anaangalia, na akirudi ana la kueleza. Kivinjari cha kwanza, alichounda Tim Berners-Lee mwaka 1990, kiliweza kuandika kurasa, si kuzisoma tu. Kivinjari cha Mosaic cha 1993 kilimwezesha msomaji kuambatisha maelezo yake kwenye ukurasa. Mwaka 2006 ikaja programu ya Zotero, iliyoanza ndani ya kivinjari cha Firefox, ikamhifadhia mtafiti marejeo na madondoo yake.

Na kuipaka rangi sentensi ya ukurasa ili ionekane, tukuiteje? Mimi nasema kukoleza. Tunakoleza moto, tunakoleza chumvi. Tukoleze na mstari unaotufaa.

Basi wewe unayeandika tasnifu, usifungue kurasa 30 ukaziacha hivihivi. Koleza, andika dokezo lako pembeni, na uhifadhi anwani ya ukurasa siku hiyohiyo.