Bangili ya Bibi

Bibi yangu wa Kibiti huvaa bangili ya pembe kila Idi. Aliirithi kwa bibi yake. Mwaka huu nilipoenda kumtafutia zawadi ya sikukuu, ndiyo iliyokuwa akilini.

Karne ya 19 pembe zilishuka pwani mabegani mwa wapagazi, wengine watumwa. Zikapitia Zanzibar, zikawa bangili za maharusi wa India na vibonyezo vya piano vya Marekani. Huku kwetu, juu ya mto Rufiji, tembo wa Selous walikadiriwa kuzidi 100,000 mwaka 1976. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe. Hata hivyo, kufikia 2013 walibaki kama 13,000.

Basi nikachagua kipochi cha ukindu: hakuna mnyama aliyeumia. Msukaji akataja bei. Nami, kwa mazoea, nikaomba apunguze.

“Mwanangu, kukata, kuanika, kutia rangi, kusuka: hivyo navyo nipunguze?”

Niliona haya. Nilikuwa nimewahesabu tembo, nikawasahau wapagazi. Nikalipa yote.

Bibi alikipokea kwa dua. Bangili hakuivua, nami sikumwambia aivue. Nilimuuliza tu bibi yake aliipata wapi.