Furu na Vinasaba vya Kale

Wavuvi wa Ziwa Viktoria huwaita furu, kwa jina moja, samaki ambao wataalamu huwakadiria kuwa spishi zaidi ya 500. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950; mwishoni mwa miaka ya 1980 spishi nyingi za furu zilikuwa zimetoweka. Ushahidi wao umebaki katika tope la ziwani, penye meno yao, na katika vielelezo vya makumbusho. Humo hutafutwa vinasaba vya kale, ingawa joto huviharibu upesi. Hapo istilahi yatudai uangalifu, kwani "kinasaba" hutumiwa kwa DNA na kwa jeni pia. Twapendekeza vinasaba viwe DNA, na jeni ibaki sehemu yake ichukuayo sifa ya urithi. Mfasiri akivichanganya, atawapotosha wasomaji kuhusu samaki ambao hatuwezi kuwavua tena.