Hadithi Isiyo na Mwisho

Hadithi Isiyo na Mwisho (kwa Kijerumani: Die unendliche Geschichte) ni riwaya ya njozi kwa watoto iliyoandikwa na Michael Ende (1929–1995) wa Ujerumani. Ilichapishwa mwaka 1979 na Thienemann, mjini Stuttgart, ikatafsiriwa kwa lugha nyingi.

Hadithi

Mhusika mkuu ni Bastian Balthasar Bux, mvulana wa miaka 10 au 11 aliyefiwa na mama. Baba yake, fundi wa meno bandia, yupo nyumbani lakini hazungumzi naye kwa sababu ya huzuni. Shuleni Bastian amerudia darasa, na wenzake humwonea kwa unene wake. Siku moja, akiwakimbia, anaingia katika duka la vitabu vya zamani, anaiba kitabu na kujificha darini shuleni ili akisome.

Kitabu hicho kinasimulia nchi ya Phantásien, inayomezwa na Utupu huku Malkia wake mwenye umbo la mtoto akiwa mgonjwa. Mvulana mwindaji, Atréju, anatumwa kutafuta dawa. Katika safari hiyo anampata Fuchur, joka la bahati. Dawa ni jina jipya, na anayeweza kulitoa ni mtoto wa binadamu tu. Polepole Bastian anatambua kwamba anayesubiriwa ni yeye, msomaji. Anapolitamka jina Mtoto wa Mwezi, anajikuta ndani ya kitabu.

Hapo riwaya iko nusu tu, na nusu ya pili ndiyo nzito zaidi. Bastian anapewa AURYN, hirizi inayotimiza lolote analotaka. Anakuwa mzuri wa sura, mwenye nguvu, jasiri. Lakini kila anapopata alichotaka, anapoteza kumbukumbu moja ya maisha yake ya awali, na asiye na kumbukumbu hawezi kurudi kwao. Akichochewa na mchawi Xayide, anataka kujitawaza kuwa Kaizari, naye anamjeruhi Atréju aliyemwonya. Baadaye, katika Mji wa Makaizari wa Zamani, anawakuta binadamu waliokwama wakiwa wamepoteza akili. Mwishowe anawasahau hata wazazi wake, kisha jina lake mwenyewe. Atréju anamsemea, naye anarudi kwa baba yake, ambaye hatimaye analia.

Muundo

Kitabu kina sura 26, kila moja ikianza kwa herufi yake, kuanzia A hadi Z. Toleo la kwanza lilichapwa kwa wino wa rangi mbili ili msomaji ajue yuko katika ulimwengu upi. Matoleo ya wino mmoja hutumia herufi za mlazo, ambazo hazisaidii sana.

Filamu

Filamu ya Wolfgang Petersen ya mwaka 1984 ilichukua nusu ya kwanza tu. Inaisha Bastian akiwa amempanda joka na kuwafukuza waliomwonea, yaani anapata uchawi bila kuulipia. Ende aliipinga vikali, akataka jina lake liondolewe, na akaenda mahakamani, ambako alishindwa.