Jumba la Tippu Tip

Mjini Unguja, mtaani Shangani, liko jumba la kale lenye mlango wa nakshi. Sisi wa Murara latuhusu nini? Mwenyewe alikuwa Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, na utajiri wake ulitoka huku kwetu Kongo: pembe za ndovu za Maniema. Nyingine alinunua, nyingine aliteka kwa vita, na katika waliozichukua mabegani hadi pwani walikuwamo watumwa. Mwaka 1887 mfalme Leopold II, aliyejitangaza adui wa utumwa, akamweka liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Ajabu gani hiyo! Mzee akarudi Unguja, akaandika maisha yake kwa Kiswahili, akafa mwaka 1905. Wapagazi hawakuandika. Baada ya mapinduzi ya 1964 jumba likagawanywa, likakaliwa na jamaa kadhaa wasio na pembe hata moja.