Tukichanga, Nani Atashika Ufunguo?

Tuseme tumechoka kuona majengo ya zamani ya katikati ya mji yakibomolewa, tukaamua kuchanga. Chini tuweke majiko na meza, wauzaji wa chapati, pilau na muthokoi wapange kwa kodi nafuu. Juu, vyumba vya kuishi. Wazo ni poa. Lakini kabla hujatuma hata shilingi, historia yetu ya michango ina swali: pesa zikishaingia, nani atashika ufunguo?

Anza milima ya Mbooni, Makueni. Wakamba walikuwa na mwethya tangu zamani. Mtu akitaka kujenga nyumba au kufungua shamba, aliita majirani. Wao walileta mikono, yeye akawapikia. Chakula na makao vilikuwa ndani ya mpango mmoja, na deni lake lilieleweka: kesho zamu ni yako. Kila mtu aliiona kazi kwa macho yake, na hakuna aliyejiuliza nyumba ni ya nani.

Serikali ya kikoloni ikaupenda utaratibu huo. Miaka ya 1940 na 1950, mvua ilipokuwa ikisomba udongo wa Ukambani, watu walilazimishwa kuchimba matuta kwa jina la kazi ya pamoja. Wengi walichukia. Baadaye vikundi vilipochagua viongozi wao na kuchimba mashamba ya wanachama wenyewe, matuta yakaenea miteremkoni. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti kuhusu wilaya ya Machakos, iliyokuwa na Makueni ndani yake hadi 1992. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano huku mmomonyoko ukipungua. Jembe ni lile lile. Aliyeamua lichimbe wapi ndiye alibadilika.

Baada ya uhuru ikaja harambee. Miaka ya 1970 jamii nyingi Kenya zilichangia vyuo, na Wakamba wakachangia chao cha kilimo, UKAI, kule Kitui. Mwaka 2008 serikali ilikifanya chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili, South Eastern Kenya University. Ni matunda makubwa, hilo halina ubishi. Lakini mchango wa harambee ni zawadi. Ukishautoa, huna hisa wala kura; unabaki na jina kwenye orodha, kama orodha yenyewe ingalipo.

Sasa rudi mjini. Maktaba ya McMillan, Nairobi, ile yenye simba wa mawe mlangoni, ilifunguliwa 1931. Hadi 1958 ilikuwa ya Wazungu pekee. Jengo lilikuwa zuri miaka hiyo yote, ila mlango haukuwa wetu. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likishirikiana na kaunti kuifufua pamoja na matawi ya Kaloleni na Makadara. Hapo umiliki uko wazi: maktaba ni mali ya umma, na wanaochangia wanajua hivyo.

Jengo letu la chakula na makao halitakuwa maktaba. Litazalisha kodi kila mwezi, na penye kodi pana mwenyewe. Kwa hivyo tusichange kwa mtindo wa harambee halafu tutarajie heshima ya mwethya. Ushirika tunaujua: kila mwanachama ana hisa, na kura moja tu, awe ameweka elfu moja au laki. Kabla ya rangi na taa za kupendeza, tuandike nani anaweza kuuza jengo, nani anapanga kodi, na mama wa chapati aliyekuwa pale kabla yetu anapata nafasi gani.

Wazee wa Mbooni hawakuhitaji karatasi kwa sababu walikuwa majirani, na kila mmoja alijua zamu yake ingefika. Sisi tunatumiana pesa kwa simu, hata hatujuani sura. Karatasi ndiyo itakayotufanya majirani.