Kutoka kwa Kirangozi hadi Ramani ya Mtandaoni: Nani Huandika Njia?

Utangulizi

Watu wengi hudhani kwamba ramani ya njia za miguu inayofunguliwa kwenye kompyuta au simu ya mkononi ni kitu kipya kabisa, kilichotoka ng'ambo na kisichomhusu mwalimu wa lugha. Makala haya yanakusudia kuonyesha vinginevyo. Yatafuatilia kwa ufupi historia ya njia za miguu katika eneo letu na ya watu walioziandika, tangu zama za misafara ya karne ya 19 hadi ramani huria ya leo ambayo kila mtu anaweza kuisoma na kuirekebisha. Hoja yetu ni moja: ujuzi wa njia umekuwa daima mali ya anayetembea, lakini jina linalobaki kwenye ramani ni la yule aliyeshika kalamu. Leo kalamu hiyo inapatikana kwa kila mtu, na Kiswahili kina nafasi yake pale. Nafasi hiyo bado haijajazwa ipasavyo.

Neno "ramani" na msamiati wa njia

Tuanze na neno lenyewe. Wanaisimu wengi hulihusisha neno "ramani" na neno la Kiajemi lililoundwa na "rah", yaani njia, na "nama", yaani kitabu au waraka. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikuwa na vitabu vya namna hiyo, vilivyoeleza pepo, nyota, bandari na hatari za miamba. Kwa asili yake, basi, ramani haikuwa picha ya nchi. Ilikuwa maelezo ya njia yaliyoandikwa na aliyepita ili yamfae atakayefuata.

Nchi kavu, kazi hiyo ilifanywa kwa kichwa na kwa mdomo. Kila msafara uliotoka pwani kwenda bara ulikuwa na kirangozi, mtu aliyetangulia mbele na kujua visima, vivuko na mahali pa kulala. Neno hilo ni ndugu wa "kiongozi" tunalolitumia leo katika siasa. Msamiati wa misafara umetuachia maneno mengi ambayo wanafunzi huyatumia bila kujua yalikotoka. "Hongo", ambayo leo ni rushwa, ilikuwa malipo aliyotoa mwenye msafara kwa mtawala wa eneo ili apitishwe. "Posho" ilikuwa chakula alichopimiwa mpagazi, na hapa kwetu Uganda imebaki kuwa jina la ugali. Njia ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, yenye urefu wa takribani kilomita 1,200, ilitembewa kwa miguu kwa miezi kadhaa. Tangu 2006 imo katika orodha ya maeneo ambayo Tanzania inakusudia kuyapendekeza yawe Urithi wa Dunia.

Ziwa lisilokuwepo

Mfano mmoja wa ujuzi wa wasafiri hao kugeuzwa ramani ya kuchapishwa ulitokea karibu na Mombasa. Wamisionari Johann Ludwig Krapf, Johannes Rebmann na Jakob Erhardt walikuwa na kituo chao Rabai. Mwaka 1854 Erhardt alikaa Tanga kwa miezi kadhaa akiwahoji wafanyabiashara na wapagazi waliotoka bara. Yeye na Rebmann walichora ramani kutokana na majibu hayo, ikapelekwa Ulaya na kuchapishwa mwaka 1856.

Ramani hiyo ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, lililoitwa Bahari ya Uniamesi. Umbo lake lilikuwa refu na lililopinda, hata baadhi ya watu wa London wakalifananisha na koa. Leo tunajua kwamba hapakuwa na ziwa hilo. Yalikuwepo matatu: Nyasa, Tanganyika na Viktoria.

Je, walioulizwa walidanganya? La hasha. Aliyepita njia ya Kilwa alisema kwamba njia yake iliishia kwenye maji makubwa. Aliyetoka Bagamoyo alisema vivyo hivyo, na wa njia ya kaskazini pia. Wote walisema kweli. Kosa lilikuwa la kuunganisha, na lugha ilichangia. Maneno "nyasa", "nyanja" na "nyanza" ni ndugu katika lugha za Kibantu, na yote humaanisha maji makubwa, si jina la ziwa moja. Anayekusanya majina bila kujua maana zake hawezi kutambua kama ameambiwa kitu kimoja mara tatu au vitu vitatu tofauti. Hili ni somo la isimu kabla ya kuwa somo la jiografia.

Ilibidi watu watembee ili kosa lirekebishwe. Richard Burton na John Hanning Speke walitoka pwani mwaka 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Mnamo Agosti mwaka huo Speke aliliona ziwa la kaskazini, akalipa jina la malkia wake. Pamoja nao alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, mzaliwa wa nchi ya Wayao aliyepelekwa India utumwani na kurudi akiwa huru. Baadaye alisafiri tena na Speke, kisha na Stanley na Cameron. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani na, mwaka 1876, malipo ya uzeeni. Bombay ana bahati kwamba jina lake tunalijua. Wengi wa wale waliomsimulia Erhardt kule Tanga hawakutajwa mahali popote.

Majina juu ya Rwenzori

Tuje sasa hapa nyumbani. Milima ya Rwenzori, iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo, ni mahali ambapo suala la nani huandika njia linaonekana waziwazi. Wakonzo waliijua milima hii, wakawinda na kupita humo kwa vizazi vingi kabla ya Stanley kuiona mwaka 1888. Mwaka 1906 Luigi Amedeo kutoka Italia, mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, aliongoza msafara uliopanda vilele vikuu. Tarehe 18 Juni alifika kilele cha juu kabisa, chenye mita 5,109, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa Italia. Mizigo ilibebwa na wenyeji, lakini ramani ilijaa Stanley, Speke, Baker, Emin na Gessi. Jina Kiyanja, ambalo pia hutajwa kwa mlima Baker, halionekani katika ramani nyingi.

Njia ya mzunguko inayopita katikati ya milima hiyo huanzia Nyakalengija, hupita vituo vya Nyabitaba na Bujuku, na hurudi kwa Kitandara. Kituo kimoja huitwa John Matte, jina la Mkonzo, na kingine Guy Yeoman, jina la Mwingereza aliyeandika kuhusu milima hii. Kwa hiyo orodha ya vituo vya njia moja ni historia fupi ya eneo zima kwa anayejua kuisoma.

Ramani za karatasi zina udhaifu wa pili: huzeeka. Barafu ya Rwenzori imepungua sana tangu 1906, na njia za kufikia Margherita zimebadilika pamoja nayo. Mafuriko ya mto Nyamwamba huko Kasese, Mei 2013 na tena Mei 2020, yaliharibu madaraja na makazi ya watu. Anayetembea na ramani iliyochapishwa kabla ya maafa hayo anaweza kuelekezwa kwenye daraja ambalo halipo.

Kuzaliwa kwa ramani huria

Mabadiliko makubwa yalianza Mei 2000, wakati serikali ya Marekani ilipoondoa kosa iliyokuwa imeliweka makusudi katika mawimbi ya setilaiti za GPS yanayopokelewa na raia. Kabla ya hapo kifaa cha raia kiliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Baada ya hapo kosa lilishuka hadi mita chache, na mtu wa kawaida akaweza kurekodi njia aliyopita.

Mwaka 2004 Steve Coast, aliyekuwa mwanafunzi London, alianzisha OpenStreetMap. Sababu yake ilikuwa rahisi. Data za ramani za Uingereza zilimilikiwa na taasisi ya serikali na kuzitumia kuligharimu fedha. Akaona watu wanaweza kutembea, kurekodi na kuchora wenyewe, kisha matokeo yakawa ya wote. Baadaye ziliongezwa picha za angani ambazo mchoraji huzifuatisha akiwa amekaa mezani.

Eneo letu halikuchelewa kujiunga. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walichora mtaa wao ambao kwenye ramani nyingi ulionekana kama mahali patupu. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walichora mitaro, vichochoro na nyumba za maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Hata jina la mradi lilikuwa la Kiswahili fasaha.

Jinsi mtembeaji anavyoitumia

Muundo wa ramani hii si mgumu. Kila kitu huwekwa kama nukta, kama mstari unaounganisha nukta, au kama kundi la mistari. Njia ya miguu ni mstari. Njia ndefu ya matembezi yenye jina moja ni kundi la mistari mingi. Kila kimoja hupewa maelezo: aina ya njia, udongo au mawe, ugumu wake, chanzo cha maji, mahali pa kulala. Kwa ugumu wa njia za milimani hutumika vipimo vya chama cha wapanda milima cha Uswisi, vyenye ngazi 6.

Tovuti ya Waymarked Trails huchukua njia hizo na kuzionyesha kwa rangi. Msomaji hubonyeza mstari, akaona jina, urefu na mchoro wa miinuko na miteremko, kisha akapakua faili kwenye simu. Programu kama Organic Maps na OsmAnd humwezesha kuitumia hata pasipo na mtandao, jambo la lazima milimani. Akirudi, anaweza kupakia rekodi yake na kurekebisha alipoona tofauti. Kila badiliko huhifadhiwa pamoja na tarehe na jina la akaunti iliyolifanya. Hapa ndipo tofauti na zama za Erhardt ilipo: msimulizi hafutwi tena.

Hata hivyo, tusidhani kwamba setilaiti imemstaafisha kirangozi. Chini ya misitu na mianzi ya Rwenzori picha ya angani haionyeshi kijia. Ni lazima mtu apite. Wageni wanaopanda milima hiyo hutakiwa kuwa na mwongozaji, na hekima ya sharti hilo inaeleweka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mstari uliochorwa kwa kukisia mezani unaweza kumfikisha mtu gengeni. Aidha, si kila njia inafaa kutangazwa. Mapema 2018 iligunduliwa kwamba ramani ya mazoezi ya kampuni ya Strava, iliyokusanya nyayo za wakimbiaji, ilikuwa ikifichua kambi za kijeshi. Mahali patakatifu pa wenyeji na mapito ya wanyama walio hatarini pia vinastahili stara.

Kazi inayotungoja walimu wa Kiswahili

Katika ramani hii kila mahali pana nafasi ya jina linalotumiwa na wenyeji, na nafasi nyingine kwa kila lugha, ikiwemo Kiswahili. Mlima mmoja unaweza kubeba jina la Kikonzo, la Kiswahili, la Kiingereza na la Kifaransa bila moja kufuta jingine. Ramani ya 1906 haikuwa na uwezo huo. Lakini nafasi hizo haziandikwi na kompyuta. Huandikwa na anayejua.

Vilevile kuna suala la istilahi. Programu za kuchorea ramani hutafsiriwa na watu wanaojitolea, na Kiswahili kinadai uteuzi makini. Je, njia nyembamba ya msituni iitwe kijia au ujia? Kichochoro ni cha katikati ya nyumba, hakifai mlimani. Ushoroba siku hizi umezoeleka kwa mapito ya wanyama. Iwapo sisi tunaofundisha lugha hatutashiriki kuchagua, watachagua wengine, au mashine, na wanafunzi wetu watarithi maneno yasiyo na mizizi.

Inapendekezwa kwa hiyo kwamba wanafunzi wa isimujamii wapewe zoezi la muhula: wachague njia moja ya miguu karibu na kwao, waitembee pamoja na mwenyeji, wamuulize majina na maana zake, kisha waandike kwenye ramani kwa idhini yake. Watajifunza kuhoji, kuthibitisha tahajia na kutofautisha jina la mahali na neno la kawaida. Hilo la mwisho ndilo lililowashinda Rebmann na Erhardt.

Hitimisho

Tumeona kwamba ramani ilianza kama kitabu cha njia, ikapita mdomoni mwa kirangozi, ikachukuliwa na kalamu ya mgeni, na sasa imerudi karibu na miguu ya anayetembea. Katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imekipa hadhi hiyo. Hadhi ya kisheria ni jambo jema, lakini lugha huishi pale inapotumika kumwonyesha mwenzako njia. Ndugu zangu walimu na wanafunzi, majina ya vijia vyetu yanajulikana na wazee walio hai leo. Tuwaulize wangalipo, nasi tuyaandike.